Afya ya watoto waliokinzana na sheria: Njia ndefu kutoka Pap Onditi

Mtoto anayekamatwa Pap Onditi, katika kaunti ndogo ya Nyakach, hupitia mikononi mwa watu wengi kabla ya kupatikana wa kumwuliza anaumwa na nini. Polisi huuliza jina na kosa, chifu huulizwa ukoo na kijiji, hakimu hutaka kujua umri, naye afisa wa watoto huuliza waliko wazazi. Swali la afya aghalabu huja mwisho, na mara nyingine huja pale tu mtoto anapokuwa amekwisha kuanguka.

Makala haya yanaeleza sheria za Kenya zinasema nini kuhusu afya ya watoto wanaojikuta mbele ya polisi, mahakama na taasisi za urekebishaji, na ni maradhi gani huandamana nao, hasa katika ukanda huu wa Ziwa Victoria ambako ramani ya maradhi si sawa na ile ya Nairobi au Nyeri.

Jambo la kwanza ni masafa. Makao ya rumande ya watoto yanayotumikia eneo hili yako mjini Kisumu, zaidi ya kilomita 30 kutoka Pap Onditi kwa barabara ipitayo Katito na Ahero. Baina ya kukamatwa na kufikishwa huko kuna kituo cha polisi, na kituo cha polisi hakikujengwa kwa ajili ya mtoto.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinaagiza kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinakubali kwamba saa hizo zikimalizika nje ya muda wa kazi wa mahakama, afikishwe siku ya kazi inayofuata. Maana yake ni kwamba mvulana aliyekamatwa Ijumaa jioni kwa kudaiwa kuiba simu sokoni anaweza kulala korokoroni hadi Jumatatu asubuhi pasipo sheria kuvunjwa na yeyote. Kwa mtu mzima mwenye afya, hizo ni siku mbili na ushei za adha. Kwa mtoto wa Nyakach zinaweza kuwa jambo jingine kabisa.

Chukua mfano wa ugonjwa wa selimundu, ambao katika maeneo ya ziwa ni wa kawaida kuliko katika nyanda za juu. Chembe za damu za mgonjwa hubadilika umbo, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Vitu vinavyochochea maumivu hayo vinajulikana kwa kila mama aliye na mtoto mgonjwa: baridi, kiu, uchovu na homa. Sakafu ya saruji usiku, maji ya kubahatisha na mbu wasiozuiliwa na chandarua ni mambo hayo yote yakiwa mahali pamoja. Mtoto wa namna hii huhitaji dawa yake ya kila siku, maji mengi na blanketi. Si mahitaji ya anasa, lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba yanahitajika, na polisi wa zamu hawezi kujua asipoambiwa. Wala mtoto mwenyewe hawezi kutegemewa kusema, kwani aliyekamatwa huogopa, na mwoga hujibu lile aliloulizwa tu.

Virusi vya Ukimwi ni hadithi iliyo karibu na hiyo. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulipata kiwango cha maambukizi cha asilimia 4.9 kwa watu wazima nchini kote, lakini asilimia 17.5 katika Kaunti ya Kisumu na 19.6 katika Homa Bay iliyo jirani. Wamo vijana waliozaliwa na virusi hivyo na ambao wamemeza vidonge tangu wakiwa wachanga. Vidonge vikikatizwa mara kwa mara, virusi huweza kujifunza kuvishinda. Lakini kijana atamezaje dawa mbele ya wenzake kumi katika chumba kimoja, akijua kwamba kila mmoja anajua kopo lile ni la nini? Wengi huona heri kuacha. Ndiyo sababu wahudumu wa afya husisitiza usiri: dawa ikabidhiwe faraghani, na asiyehusika asijue. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 nayo inalinda siri ya hali ya mtu bila kujali kama amekamatwa au la.

Kifafa, pumu na malaria havihitaji maelezo marefu. Yatosha kusema kwamba dozi moja au mbili za dawa ya kifafa zikikosekana, degedege inaweza kurudi, na katika vijiji vingi mtu akianguka kwa kifafa watu humkimbia badala ya kumlaza ubavu.

Swali la umri

Lipo jukumu moja la kitabibu ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ni kuukadiria umri. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai 26 mwaka huo, mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa ametenda jinai. Mwenye miaka 12 na ambaye hajafika 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya hadi mahakama iridhike, kwa ushahidi, kwamba anaweza. Sheria iliyotangulia, ya mwaka 2001, ilikuwa imeuacha umri wa kuwajibika katika miaka minane, yaani mtoto wa darasa la pili au la tatu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maoni yake nambari 24 ya mwaka 2019, ilizihimiza nchi kutoshuka chini ya miaka 14, kwa hiyo Kenya imepiga hatua bila kufika.

Basi iwapo cheti cha kuzaliwa hakipo, kama ilivyo kwa watoto wengi walioachiwa nyanya zao au ambao nyaraka za nyumbani zilizama katika mafuriko ya uwanda wa Kano na Nyakach ya chini mwaka 2020 na 2024, daktari ndiye huamua. Hutazama meno, hupima mwili, pengine huagiza picha ya eksirei ya mifupa ya kifundo cha mkono. Vipimo hivi havitoi jibu la siku na mwezi. Hutoa makadirio yanayoweza kukosea kwa mwaka mmoja au miwili kwenda juu au chini, na mwaka mmoja ndio tofauti kati ya mtoto anayerudishwa nyumbani na yule anayeshtakiwa, au kati ya makao ya watoto na gereza la Kodiaga. Daktari mwangalifu huandika makadirio yake kwa upana huo. Kadi ya kliniki ya mtoto au kitabu cha ubatizo mara nyingi huwa ushahidi bora kuliko eksirei, na mzazi anayekwenda kituoni angefanya vyema kuvibeba.

Kinachoumia bila kuonekana

Majeraha ya akili ndiyo mzigo mkubwa zaidi, na ndio usiopewa uzito. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali, nyingi zikiwa tajiri, zimeonyesha kwamba takriban mvulana mmoja kati ya kumi na msichana mmoja kati ya wanne waliozuiliwa huwa na sonona kali. Hizo si takwimu za Kisumu, na zisichukuliwe hivyo. Lakini kinacholeta sonona hiyo, yaani kupigwa nyumbani, kufiwa, njaa, kunajisiwa na kuhamahama, hakikosekani kando ya ziwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana nchini Kenya walikuwa wamepitia ukatili wa aina fulani kabla ya kutimiza miaka 18.

Mtoto mwenye kiwewe haonekani mgonjwa. Huonekana mkaidi. Hajibu anapoulizwa, au hujibu kwa ufidhuli. Hashiki usingizi, hurusha ngumi akiguswa begani. Mlinzi asiyefunzwa huona utovu wa nidhamu hapo na humwadhibu, na adhabu humrudisha mtoto pale pale alikotoka. Aidha wamo wale waliozoea kunusa gundi katika mitaa ya Kisumu, ambao siku za kwanza za kuikosa huwa na hasira, kichwa kuuma na kukosa usingizi, na ambao kwa hakika wanahitaji daktari kabla hawajahitaji mahubiri.

Kwa upande wa familia kuna ugumu mwingine. Baadhi ya wazee wa Kiluo bado huyaeleza matatizo ya akili kwa chira, yaani balaa inayotokana na kuvunja mwiko, au kwa pepo, na mtoto hupelekwa kwa ajuoga kabla ya hospitali. Hakuna faida kuwakejeli. Mshauri nasaha mwenye busara huanza kwa kuwasikiliza, kisha huwaomba mambo hayo mawili yasizuiane, dawa zimezwe hata kama tambiko linafanywa.

Mabadiliko moja ya karibuni yafaa kujulikana na kila kituo cha polisi. Mnamo Januari 9, 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kijana aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu na akanusurika ni mgonjwa. Kabla ya hapo, wapo waliotoka kitandani hospitalini wakaingia kizimbani.

Mapenzi ya vijana na Sheria ya Makosa ya Kingono

Si rahisi kuzungumzia watoto walio rumande bila kuigusa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Sheria hiyo ilikuja kwa sababu nzuri na imewalinda watoto wengi. Lakini kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa, mvulana wa miaka 16 aliyekuwa na uhusiano na msichana wa umri wake hukabiliwa na shtaka la unajisi, lile lile analokabiliwa nalo mwanamume wa miaka 50. Mwaka 2017, katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Homa Bay, ilionekana kwamba kumshtaki mvulana peke yake katika hali kama hiyo ni ubaguzi wa kijinsia. Uamuzi huo haukuifuta sheria yenyewe.

Katika makala ya afya, jambo hili lina upande wake. Vijana wote wawili wanahitaji kupimwa maradhi ya zinaa, kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72 endapo kuna hatari, na kuelezwa habari za uzazi. Mara kesi ikifunguliwa, msichana hupelekwa hospitali kwa ajili ya fomu ya P3, ambayo ni ushahidi. Mvulana hupelekwa seli. Yeye hapimwi ila kwa ajili ya ushahidi dhidi yake.

Wasichana walioshikwa kwa makosa yao wenyewe ni wachache, na uchache huo umewaponza. Shule za urekebishaji za wavulana ziko Kakamega na Kericho, mahali ambapo mzazi wa Nyakach anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja iwapo nauli ipo. Za wasichana ziko Kirigiti, Kiambu, na Dagoretti, Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 350. Mama anayeuza omena Kusa hatakwenda kumwona binti yake huko, labda mara moja kwa mwaka, pengine asiende kabisa. Watafiti na walezi wanakubaliana kwamba kutembelewa na jamaa ni miongoni mwa mambo yanayomlinda zaidi mtoto aliyefungiwa dhidi ya kukata tamaa. Hapa jiografia yenyewe imekuwa adhabu. Tena wengi wa wasichana hao wameletwa na mambo yaliyowatangulia: jaboya, ile desturi ya ufuoni ya kubadilishana ngono na samaki, mimba ya mapema, au kutoroka ndoa. Wanahitaji sodo, kliniki ya wajawazito na mtu wa kuzungumza naye. Wenye watoto wachanga wanahitaji zaidi ya hayo.

Yalikotoka majengo haya

Taasisi hizi hazikuanza kama mahali pa tiba. Serikali ya kikoloni ilianzisha ile ya Kabete mwanzoni mwa karne ya 20, na ile ya Wamumu ilianza mwaka 1955 kama kambi ya vijana waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Kazi ya shamba, gwaride na kiboko ndivyo vilivyokuwa dawa. Kiboko kiliondolewa katika orodha ya adhabu za mahakama mwaka 2003, na kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza adhabu ya viboko popote. Majina nayo yamebadilika, kutoka shule za wahalifu watoto hadi shule za urekebishaji tabia. Wenzetu wa Tanzania husema shule ya maadilisho, ile ya Irambo mkoani Mbeya, na rumande ya watoto wao huiita mahabusu ya watoto. Uganda wana Kampiringisa. Neno zuri haliponyi mtu, lakini neno baya huumiza, na ni vyema kwamba "mtoto mhalifu" linazidi kuachwa magazetini. Hata jina la mtoto wa namna hii halichapishwi, wala picha yake.

Wavulana wakubwa zaidi, kuanzia miaka 15, huweza kupelekwa taasisi ya Borstal, kama ile ya Shikusa huko Kakamega, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Hiyo iko chini ya Idara ya Magereza, ilhali shule za urekebishaji na makao ya rumande ziko chini ya idara ya watoto. Mgawanyo huu si wa kiofisi tu. Mvulana akihamishwa kutoka idara moja hadi nyingine, faili lake la afya huweza kubaki nyuma, na chanjo, vipimo na historia ya maradhi huanza upya.

Viwango vinavyotakiwa vimeandikwa tangu mwaka 1990, pale Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Kanuni za Havana za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru. Zinataka kila mtoto achunguzwe na daktari mara anapopokewa, ili yaandikwe majeraha aliyokuja nayo na maradhi yanayohitaji tiba. Zinapiga marufuku kumfungia peke yake, kumchapa au kumpunguzia chakula kama adhabu. Na zinataka, inapowezekana, matibabu yatolewe katika hospitali za jamii iliyo jirani badala ya zahanati ya ndani ya ua, ili mtoto asitiwe alama. Kanuni hiyo ya mwisho ina maana kubwa Kisumu, ambako hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wenyeji huiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga, imo humo humo mjini. Mtoto anayepelekwa huko na mlezi aliyevaa nguo za kawaida hukaa kwenye benchi kama mgonjwa mwingine yeyote. Akipelekwa na askari mwenye bunduki, benchi zima huhama.

Ukaguzi huo wa kwanza pia humlinda mlezi. Kovu lililoandikwa siku ya kupokewa haliwezi kudaiwa baadaye kuwa limetokea ndani.

Kutofungwa kabisa

Dawa iliyo bora kuliko zote ni mtoto kutozuiliwa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto azuiliwe tu pale njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi uwezekanao, na mbali na watu wazima. Sheria ya 2022 imeupa uchepushaji, yaani kuitoa kesi nje ya mkondo wa mahakama, sehemu yake kamili, na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ilikuwa na sera juu ya jambo hilo tangu 2019. Mtoto hukubali kosa kwa hiari, huomba radhi, hulipa au hufanya kazi fulani, huhudhuria ushauri nasaha, na kesi haifiki kizimbani.

Vijijini hili halikosi mizizi. Baraza la chifu na wazee limepatanisha jirani na jirani tangu zamani. Tahadhari ni kwamba baraza linaweza pia kumaliza, kwa mbuzi mmoja, kesi ya msichana aliyenajisiwa na mtu mzima, na hayo si mapatano bali ni kuficha jinai. Uchepushaji umewekwa kwa ajili ya mtoto aliyekosa. Haukuwekwa kumnusuru mtu mzima aliyemkosea mtoto.

Ushauri nasaha nao unahitaji mtu wa kuutoa. Madaktari wa akili walio wengi nchini wako Nairobi, na mzigo wa mashinani huwaangukia matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii. Hao wa mwisho ndio wanaojua nyumba ipi ina mtoto mwenye selimundu na ipi ina baba mlevi wa chang'aa. Wakishirikishwa na afisa wa watoto tangu siku ya kwanza, wanaweza kuifikisha dawa kituoni kabla ya usiku kuingia. Mzazi, mwalimu au jirani aliye na habari kwamba mtoto mgonjwa amekamatwa anaweza pia kupiga simu ya bure nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto nchini kote.

Kisha huja siku ya kutoka, ambayo haizungumzwi sana. Mtoto aliyekaa Kakamega au Shikusa miaka miwili hurudi Nyakach akiwa na ufundi wa useremala au ushonaji, sauti imebadilika, na pengine mahali pake pa kulala pamechukuliwa na ndugu mdogo. Ikiwa alikuwa akimeza dawa, anapaswa kutoka na akiba ya wiki kadhaa, barua ya rufaa na jina la kliniki inayomngoja. Ikiwa aliacha shule katikati, mwalimu mkuu anapaswa kuwa amekubali kumpokea kabla hajafika langoni. Afisa wa watoto, au wa probesheni kwa walio chini ya uangalizi wake, ndiye anayetarajiwa kuyapanga haya wiki kadhaa kabla ya kuachiliwa, kuzuru boma na kuuliza iwapo aliyeibiwa bado ana kinyongo. Pasipo barua hiyo, muuguzi wa Pap Onditi atampokea kama mgonjwa mpya, na atalazimika kuanza kwa kumwuliza alikuwa wapi.